Wanafunzi walikuja kutengeneza magemu, sasa wananikimbia

BARUA

Assalaam alaykum, Maalim.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta hapa Wete, Pemba. Asubuhi nasomesha skuli, na jioni nimefungua darasa dogo la vijana wanaotaka kujifunza kutengeneza magemu ya simu. Chumba nimepewa na ndugu yangu. Nina laptopu sita, mbili kati ya hizo zinasuasua, na intaneti ni bando la simu yangu mwenyewe. Ada ninayotoza ni ya kulipia umeme na bando tu.

Nilipotangaza walikuja zaidi ya 20, wavulana kwa wasichana. Wengi wako kidato cha tatu na cha nne, wengine wamemaliza skuli wako nyumbani tu. Walikuja na hamu kubwa. Sasa wamebaki saba, na katika hao saba wapo wanaokuja kwa kunionea haya, nawaona.

Nilisoma diploma ya kompyuta Unguja, na nimewafundisha kama nilivyofundishwa. Tulianza na kompyuta ni nini na sehemu zake, tukaja kwenye vigeu (majina yanayoshika thamani zinazobadilika), aina za data, masharti, lupu (kurudia amri) na fankisheni (amri zilizofungwa pamoja kwa jina moja). Nawaandikia ubaoni, wananakili kwenye daftari, nawapa mazoezi. Nilipanga tukimaliza yote hayo ndiyo tufungue programu yenyewe ya kutengenezea magemu. Tulipofika kwenye lupu wakaanza kupungua. Kijana mmoja hodari aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, hili darasa la hesabu au la magemu?" Nilikasirika, lakini neno lile limenikaa moyoni.

Basi nikajaribu njia nyengine. Nikapakua video za YouTube, nikawaambia wafuate hatua kwa hatua. Wakatengeneza gemu la mtu anayeruka vizuizi, na siku ile darasa zima lilikuwa furaha tupu. Wiki iliyofuata nikawaambia, haya, sasa kila mmoja atengeneze lake bila ya video. Hakuna aliyeweza hata kumsogeza mtu kutoka kushoto kwenda kulia.

Na ndoto zao ni kubwa mno. Mmoja anataka gemu la mpira lenye wachezaji kama wa kweli, acheze na watu wa dunia nzima. Mwengine anataka bao la kete ambalo unashindana na kompyuta. Nikiwaambia hamuyawezi, wanavunjika moyo. Nikinyamaza, naona nawadanganya.

La mwisho ni wazee wao. Mama mmoja alikuja akamtoa binti yake, na huyo ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuelewa kuliko wote. Alisema hakumlea mtoto wake aje akae na wavulana mpaka magharibi kwa ajili ya michezo ya simu, na kwamba magemu na kubeti ni kitu kimoja. Baba mwengine akaniuliza, "Mwisho wake hawa watapata pesa?" Sikuwa na jibu.

Maalim, nianze na misingi au niwaachie tu washike? Au nifunge darasa, nibaki na skuli yangu?

Mwalimu, Wete

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Usifunge. Vijana saba waliovumilia daftari muda wote huo bila ya kutengeneza gemu lao wenyewe hata moja ni watu wa kuwashika kwa mikono miwili. Na huyo aliyekuuliza kama darasa ni la hesabu bado ni wako, kwa sababu aliyekata tamaa huwa haulizi, huondoka.

Umejaribu njia mbili na zote zimekwama, na mimi naona zimekwama pahala pamoja. Kwenye daftari mwanafunzi alinakili kutoka ubaoni. Kwenye video alinakili kutoka kwenye kioo. Mara zote mbili hakukuwa na jambo hata moja aliloliamua yeye. Siku ile ya video mikono yao ilikuwa inafanya kazi, lakini aliyekuwa anafikiri ni mtu wa ndani ya video. Ndiyo maana alipoondoka, kila kitu kiliondoka naye. Kujifunza kwa vitendo maana yake mwanafunzi aamue kitu, aone matokeo ya uamuzi wake, kisha aamue tena. Seymour Papert, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Afrika Kusini na akafanya kazi chuo kikuu cha MIT kule Marekani, aliijenga fikra hii maisha yake yote. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakitaka mtoto ndiye aiamrishe mashine. Scratch, lugha ya watoto ya kupanga vipande vya amri, iliyotoka hapo hapo MIT mwaka 2007, ni tunda la fikra ile ile.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: wape gemu lililo nusu, linalofanya kazi, wao walimalize. Misingi yako usiitupe. Iweke mfukoni, uitoe kila inapohitajika, moja moja.

Nikupe mfano wa hapo hapo Pemba. Ni msimu wa karafuu, zimeanikwa juu ya jamvi, na wingu limetanda. Matone yanaanguka kutoka juu ya kioo cha simu, chini lipo jamvi, na mchezaji anasogeza turubai kwa kidole, kushoto na kulia, kuzikinga karafuu. Tone likiangukia turubai, unapata alama. Likiangukia jamvi, karafuu zinarowa, na zikirowa mara tatu mchezo umekwisha. Huna haja ya kumweleza mtoto wa Pemba kwa nini anakimbizana na mvua.

Wewe nyumbani kwako tengeneza nusu yake tu. Jamvi lipo, turubai lipo lakini halisogei, tone moja linaanguka. Litie kwenye flashi, linakili katika kila laptopu. Siku ya kwanza usitamke neno kigeu. Waambie wafungue, waendeshe, waangalie tone linavyoanguka. Kisha waoneshe mstari mmoja, ule ulioandikwa kasi = 300. Kabla mtu hajagusa kitu, uliza: tukiandika 900 itakuwaje? Tukiandika 0? Tukitia alama ya kutoa mbele ya ile 300? Kila mmoja aandike kwenye karatasi anachodhani kitatokea, ndipo wabadilishe na waendeshe. Hiyo ya alama ya kutoa ndiyo itakayowachangamsha, maana mvua itapanda mbinguni, na wataanza kubishana kwa nini.

Hapo sasa ndipo unapowaambia: hichi mlichokuwa mnakichezea kinaitwa kigeu. Jina limekuta kitu kichwani cha kushikamana nacho.

Hilo la kukisia kabla ya kuendesha usiliache hata siku moja, hata wakikuambia linawachelewesha. Bila ya hilo, vijana hubadilisha namba ovyo ovyo mpaka kitu kitokee, na kikitokea hawajui kimetokea kwa sababu gani. Aliyekisia akakosea amejifunza zaidi kuliko aliyebahatisha akapatia.

Siku ya pili au ya tatu watakuja wenyewe kukuambia tone moja halina raha, wanataka mvua. Subiri waombe. Wakishaomba, fundisha namna ya kuzaa tone jipya kila baada ya muda, na namna ya kulipangia tone pahala pa kuanzia pasipojulikana mapema. Kisha alama, kisha mwisho wa mchezo. Kila kipengele ulichokuwa umekipanga kwenye ratiba yako kitapita mlangoni kwa zamu yake: sharti litaingia tone litakapogusa turubai, fankisheni itaingia watakapochoka kuandika mistari ile ile kwa jamvi na kwa turubai. Haitakuwa kwa mpangilio wa kitabu. Weka orodha yako pembeni, weka alama kwenye kilichopita, na kikibaki kitu hakijaguswa, kibunie tatizo.

Nataka nikae kidogo kwenye matatizo mawili ambayo lazima yatawatokea, kwa sababu watu wengi huyakimbia na kumbe ndiyo yenye elimu kubwa.

La kwanza: gemu litaanza vizuri, halafu baada ya dakika chache litakuwa zito, hasa kwenye simu za bei ndogo. Sababu ni kwamba matone yaliyopita chini ya kioo hayajafa. Hayaonekani, lakini bado yanaanguka huko chini na bado yanakula kumbukumbu ya simu. Mvua ya matone matano kwa sekunde, kwa dakika tatu, ni matone 900. Usiwape jibu. Waulize: tone likishatoka kwenye kioo linakwenda wapi? Kisha waoneshe kwenye programu ile orodha ya vitu vyote vilivyo hai gemu likiwa linaendelea, waione inavyorefuka na kurefuka. Nani atakayeisahau? Baada ya hapo mstari mmoja wa kulifuta tone wataushika kama waliougundua wenyewe, na kwa kweli watakuwa wameugundua wenyewe.

La pili ni la kasi. Mwanafunzi atakapojiandikia mwenyewe mwendo wa tone, ataandika kwamba kila fremu, yaani kila picha moja kioo kinapojichora upya, tone lishuke hatua tano. Kwenye simu inayochora fremu 60 kwa sekunde, hizo ni hatua 300 kwa sekunde, mchezo mzuri. Atampa rafiki yake mwenye simu mpya inayochora fremu 120, mvua itakuwa ya hatua 600, haichezeki. Kwenye simu kongwe iliyochoka mpaka fremu 30, matone yatateremka kama yana usingizi, hatua 150. Gemu ni lile lile, simu tatu, michezo mitatu. Waweke mezani hizo simu tatu, ziendeshwe kwa pamoja, waone. Dawa yake ni kuzidisha kasi kwa muda uliopita tangu fremu ya mwisho. Kwenye fremu 60 muda huo ni kama sekunde 0.0167, na 300 mara 0.0167 ni kama 5. Kwenye fremu 120 muda ni nusu ya huo, kwa hiyo hatua zinakuwa 2.5, lakini zinapigwa mara mbili zaidi. Fanyeni hesabu hiyo ubaoni kwa pamoja. Kijana wako aliyeuliza kama darasa ni la hesabu ataifanya kwa hiari yake, kwa sababu sasa hesabu inaliokoa gemu lake.

Kuhusu programu ya kutumia, kwa hali yako ningechagua Godot. Ni ya bure kabisa, haidai chochote hata gemu likiuza, faili lake la kupakua halifiki MB 200, na halihitaji hata kusakinishwa, unalinakili kwenye flashi unafungua. Kwa laptopu mbili zinazosuasua, unapoanzisha mradi chagua uchoraji unaoitwa Compatibility. Ndio mwepesi kuliko mengine na ndio unaozifaa simu za kawaida. Maelezo ya kila amri yamo ndani ya programu yenyewe, kwa hiyo bando likikatika wanasoma humo humo. Kitu kizito ni vile vifaa vya kugeuzia gemu kuwa programu ya Android, ambavyo peke yake ni karibu GB 1 au zaidi, na juu yake kuna Java na vifaa vya Android vyenyewe. Hivyo vipakue wewe mara moja, tena usiku bando likiwa la bei nafuu, kisha visambaze kwa flashi.

Amri za lugha ya Godot ni za Kiingereza, hilo halina njia. Lakini majina ya vitu ni yenu. Waandike tone, turubai, alama, kasi, muda_uliobaki. Kwa namna hii mwanafunzi anatenganisha kwa jicho moja yapi ni maneno ya lugha yasiyobadilika na yapi ni aliyoyataja yeye, na nusu ya hofu ya anayeanza hutokana na kutojua hilo.

Wasio na laptopu nyumbani wanaweza kufanya mazoezi kwenye simu. Ipo Pocket Code, iliyotoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, ambayo unapanga vipande vya amri kwa kidole. Godot nayo ina toleo la Android, ingawa kwa simu ndogo ni kazi ya macho. Wadogo zao wakitaka kuingia darasani, wape Scratch, ambayo menyu zake unaweza kuziweka kwa Kiswahili na ambayo hufanya kazi bila ya intaneti ukishaisakinisha. Usimlazimishe mtoto wa miaka 9 kuandika mistari.

Picha na sauti wazitengeneze wao. Wachore jamvi kwenye karatasi, walipige picha. Warekodi mvua kwenye bati kwa simu. Wakikosa kabisa, kuna mkusanyiko wa Kenney, Mholanzi anayetoa picha na sauti za magemu bure kwa matumizi yoyote. Nyimbo za watu na nembo za timu za mpira wasiziguse. Afadhali wajue mapema kwamba kazi ya mtu ina mwenyewe.

Kila kipindi kiishe na gemu likiwa kwenye simu, mkononi. Kwenye laptopu kila kitu kinapendeza. Kwenye simu ndipo mtoto anapogundua kwamba kidole gumba chake kimelifunika turubai lote na haoni tone linapoangukia, kwamba kitufe alichokichora ni kidogo kuliko ncha ya kidole, na kwamba jua la barazani limezima rangi zote alizozichagua chumbani. Hayo ndiyo yanayotenganisha magemu ya simu na magemu mengine, na hayasomeki ubaoni.

Laptopu sita kwa darasa lako ni za kutosha, mradi usimpe kila mtu yake. Wakae wawili wawili. Anayeshika kipanya hatoi amri, na anayetoa amri hashiki kipanya, kisha wabadilishane baada ya kila robo saa. Simamia zamu hizo mwenyewe. Darasa la mchanganyiko likiachwa hivi hivi, wavulana ndio hushika na wasichana ndio hutazama, na baada ya mwezi unaambiwa wasichana hawapendi kompyuta.

Umeme ukikatika, msiende nyumbani. Chezeni gemu kwenye sakafu. Mmoja awe mvua, aangushe kokoto kwenye karatasi iliyochorwa miraba, mmoja awe turubai, mmoja ahesabu alama. Hapo ndipo watakapojua kama matone matano kwa sekunde ni mengi mno, au kama kurowa mara tatu ni adhabu nyepesi. Ukishacheza kwa kokoto unajua unachotaka kuandika.

Sasa hao wenye ndoto kubwa. Usiwaambie hamuyawezi, na usiwaambie mtayaweza. Wape kipande cha ndoto yenyewe. Wa mpira atengeneze penati: mpira mmoja, kipa mmoja, kidole kimoja. Mwambie kwamba yale magemu ya mpira anayoyaona hufanywa na makampuni yenye mamia ya watu, na kwamba gemu la nyoka lililoingia kwenye simu ya Nokia 6110 mwaka 1997 liliandikwa na mhandisi mmoja wa Kifini, Taneli Armanto, likachezwa dunia nzima. Mwambie pia habari ya Dong Nguyen wa Vietnam, aliyetengeneza Flappy Bird kwa siku chache tu akiwa peke yake na kuitoa Mei 2013. Ni ndege mmoja na mabomba, unagusa kioo anapaa, hugusi anaanguka. Mapema 2014 lilikuwa miongoni mwa magemu ya bure yaliyokuwa yakipakuliwa kuliko yote, na Februari mwaka huo akaliondoa mwenyewe kwa sababu umaarufu ulimzidi. Udogo wa gemu haukulizuia chochote.

Wa bao ndiye ninayempenda zaidi, na ndiye anayehitaji kushikwa mkono. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lina kunamua, yaani hatua ya kwanza ya kuingiza kete zilizobaki mkononi, lina nyumba, shimo lenye sheria zake, na kete za mkononi zikiisha ndipo mtaji, hatua ya pili. Kuliandika hilo zima pamoja na kompyuta inayofikiri ni kazi ya mtu aliyekwisha komaa. Lakini wazee wetu hawakumpa mtoto bao kubwa siku ya kwanza. Walimwekea bao la kujifunza: kete mbili mbili kila shimo, hakuna kunamua, mnaanza kucheza moja kwa moja. Na yeye aandike hilo hilo. Watu wawili, simu moja, wanapokezana. Kompyuta isifikiri chochote, ikazane na kusambaza kete tu na kujua zamu ni ya nani. Likikamilika, anayo nusu ya bao kubwa mkononi bila ya kujua. Na wewe darasa lako lote liendeshe kwa njia ya hilo bao la kujifunza.

Sharti moja kwa wote: gemu dogo limalizwe ndipo jengine lianzwe. Kumaliza maana yake lina ukurasa wa kuanzia, lina mwisho, lina alama, na mtu asiyelijua analicheza bila ya kuelezwa. Vijana hupenda sana kuanza. Sehemu ya mwisho, ile ya kuchosha, ndiyo wengi hawaifiki, na ndiko ufundi uliko.

Nije kwa yule mama. Usimwone adui. Ukimsikiliza vizuri amesema mambo matatu: saa, wavulana, na kamari. Saa ni yako kurekebisha. Jioni vijana wengi wana chuo cha Qur'ani, na kurudi magharibi si jambo dogo kwa binti. Hamishia darasa Jumamosi na Jumapili asubuhi. La wavulana, waweke wasichana wawili kwenye laptopu moja, mlango wazi, na mwambie mzazi yeyote anaweza kuja kukaa ndani muda wowote bila ya taarifa. La kubeti, usibishane naye. Kubali kwamba zipo programu nyingi za simu za kuweka pesa kwa kutegemea bahati, na kwamba ana haki ya kuogopa. Kisha weka kanuni ya darasa, uibandike ukutani: hapa hakuna gemu la kuweka pesa wala la gurudumu la bahati. Mwalike siku moja. Usimhutubie. Mpe simu yenye lile gemu la karafuu, na binti yake amwelekeze. Akirowesha jamvi mara tatu atataka kujaribu tena, na hapo mwachie binti amweleze mvua ile imeandikwaje.

Yule baba naye anastahili jibu la kweli. Mwambie gemu la kwanza halimlishi mtu, na la pili pia mara nyingi halimlishi. Magemu mengi ya bure hutegemea matangazo, na matangazo hulipa pale tu wachezaji wanapokuwa wengi sana. Anachokipata mtoto mapema ni ufundi unaotumika kwengine: anayeweza kutengeneza gemu anaweza kutengeneza programu ya kusajili wageni ya hoteli, au mazoezi ya hesabu kwa ajili ya skuli, na hayo yana wateja hapa hapa visiwani. Usimuahidi zaidi ya hapo. Mzazi aliyeahidiwa utajiri akaukosa hamrudishi mtoto wake darasani, na huwaambia na jirani zake.

Kuweka gemu sokoni kuna gharama na masharti yake, vijana wayajue mapema. Akaunti ya Google Play ni dola 25, unalipa mara moja, kwa kadi ya benki, na mwenye akaunti awe ametimiza miaka 18, kwa hiyo wengi wao watapitia kwako. Apple inadai dola 99 kila mwaka, achana nayo kwa sasa. Ukitaka kuonesha kazi bila ya kulipa chochote kuna itch.io, tovuti ya kuwekea magemu, ambapo gemu linachezwa hata kwenye kivinjari cha simu. Anzeni na hapo.

Mkifika Google Play mtakuta sharti jengine. Akaunti mpya ya mtu binafsi hairuhusiwi kutoa gemu kwa umma mpaka watu wasiopungua 12 wawe wamejiunga kulijaribu kwa siku 14 mfululizo. Wengi wanaofanya kazi peke yao hukwama hapo, wanahangaika kutafuta watu wasiowajua. Nyinyi hamtahangaika. Mama wa binti, yule baba wa pesa, wajomba na mashangazi wenye simu za Android, waandikeni majina tangu sasa. Wiki mbili wakilicheza, muwaulize kila mmoja ni wapi alipokwama, na mrekebishe palepale.

Wabillahi tawfiq.

Maalim